Nani Mwenye Arusha?

Uliza Morogoro mwanamuziki wao ni nani, watakujibu Mbaraka Mwinshehe kabla hujamaliza swali, na atakayebisha kwa kumtaja Afande Sele atabisha kwa heshima. Mwanza ni Fid Q. Bukoba ni Saida Karoli. Zanzibar wao wana taabu ya matajiri: wachague kati ya Siti binti Saad na Bi Kidude. Lakini simama Kaloleni, mtaa wa hapa kwetu Arusha, jioni, pale kwenye kahawa, watu wakiwa wameshatoka makazini, uulize ni mwanamuziki gani mmoja ameigusa Arusha kuliko wote. Utaondoka bila jibu, na pengine bila kahawa, maana muuzaji naye atakuwa ameacha birika lake na kuingia kwenye ubishi.

Sisi swali hili tuliletewa na shemeji yetu, Msukuma aliyeoa huku, mwenye tabia ya kuchokoza watu halafu anakaa pembeni anakula kashata. Alisema hivi: kwetu mtu ni Fid Q na mambo yameisha, sasa nyie machalii mnaojiita mji wa hip hop, nitajieni mmoja. Mmoja tu, msinitajie kundi. Hilo sharti ndilo lililoharibu kila kitu. Arusha ni mji wa makundi. X Plastaz, Nako 2 Nako, River Camp Soldiers, Watengwa wa Kijenge, Weusi. Huku mtu akianza kuchana, yaani kurap, swali la kwanza anaulizwa: uko na nani?

Kura yangu naitaja mapema ili usisome ukinivizia. Ni Faza Nelly wa X Plastaz. Najua nusu yenu mmeshakunja uso, na nusu nyingine mnauliza huyo ndiye nani. Hao wa pili ndio walionifanya niandike.

Kwanza tukubaliane tunapima nini. Kama ni umaarufu, tuhesabu watazamaji wa YouTube twende zetu nyumbani. Vanessa Mdee kazaliwa Arusha, na kwa kujulikana Afrika nzima ni wachache hapa wa kusimama naye, ila sijawahi kumsikia mtu wa Sombetini akidai kwamba Vee Money ndiye aliyemfanya ajisikie mtoto wa Chuga, yaani Arusha. Ninachouliza mimi ni kingine: mji huu unafanya nini leo ambacho usingekifanya kama mtu huyo asingepita?

Kwa kipimo hicho Mr Ebbo anatoka mapema, na inaniuma kumtoa. Abel Loshilaa Motika, kijana wa Kimasai, alitoa "Mi Mmasai" mwaka 2002 na nchi nzima ikawa inaongea kwa lafudhi yake. Ukisafiri kwenda Dar kipindi kile na ukasema umetoka Arusha, mtu alikujibu kwa sauti ya kwenye wimbo, hata kama wewe ni Mpare ambaye ng'ombe unamwona sahanini tu. Hapo ndipo tatizo lilipo. Alibadilisha namna Tanzania inavyotusikia sisi, hakubadilisha namna sisi tunavyojisikia. Studio yake, Motika Records, ilikuwa Tanga, na alipofariki Desemba 2011 Arusha ilimlilia kama inavyomlilia ndugu aliyehamia mbali.

Kuna mzee mmoja pale kijiweni ambaye tunamwamkia hata kama tumeshamwamkia asubuhi. Yeye ubishi wetu wote anauona ni wa watoto. "Nyie mnabishania maneno," alituambia. "Arusha ilikuwa na magitaa kabla baba zenu hawajaanza kunyoa ndevu." Na ana hoja. Wilson na George Kinyonga, vijana wa Tanga waliopitia Jamhuri Jazz, walifika hapa mwaka 1970 wakaanzisha Arusha Jazz. Hawakukaa sana. Wakavuka mpaka kwenda Kenya, na huko wakawa Simba Wanyika, bendi ambayo mpaka leo Mkenya wa makamo akiisikia anaacha chakula kipoe. Baadaye tukawa na Kurugenzi Jazz yetu hapahapa, na mzee anazo hadithi zake za Jumamosi za Kurugenzi ambazo nyingine shemeji alimwomba azipunguze kwa sababu kulikuwa na wanafunzi wamekaa jirani.

Nilimuuliza mzee, kwa adabu, akina Kinyonga wameacha nini Arusha. Akafikiri. Akasema: "Jina." Wao ndio waliochukua jina letu wakaenda nalo Mombasa. Sasa jina ni kitu kikubwa, sikatai, lakini walilichukua wakaondoka nalo, kisha wakalibadilisha. Na hiyo ndiyo desturi ya mji huu tangu zamani. Arusha ni mahali pa kupita. Mtalii analala usiku mmoja anaenda Ngorongoro, mwanaapolo, yaani mchimbaji wa tanzanite, anakuja kutoka Mererani na jiwe lake, anatumbua, anarudi shimoni. Mwanamuziki naye alipita vilevile. Nitalirudia hili, maana kura yangu yote imesimama hapo.

Tuje kwa Joh Makini, ambaye kama ungepiga kura ya kunyoosha mikono pale Kaloleni angeshinda bila kampeni. Fundi mmoja wa gereji ya jirani hataki hata mjadala: "Chalii yangu, usinichanganye, Arusha ni Joh." Alitoka na River Camp Soldiers pamoja na mdogo wake Nikki wa Pili na Bonta, kisha wakaungana na G Nako na Lord Eyez waliotoka Nako 2 Nako, wakawa Weusi. Nyimbo kama "Stimu Zimelipiwa" zilifika nchi nzima bila kuomba radhi kwa mtu. Mwaka 2015 akatoa "Don't Bother" na AKA wa Afrika Kusini, na hata pale, kwenye video ya gharama, bado alikuwa anachana kama mtu aliyekaa kwenye tofali Ngarenaro. Wakati ambao soko lilitaka kila rapa aweke kiitikio cha mapenzi na atabasamu, Joh alikataa kutabasamu. Vijana wangapi wa hapa wamejifunza kutotabasamu kwenye picha kwa sababu yake, mimi siwezi kuhesabu, ila angalia picha za vitambulisho vya wanafunzi wa vyuo vyetu.

Na ukimtaja Joh lazima umtaje mdogo wake. Nikki wa Pili, msomi wa chuo kikuu, aliwahi kuimba "Sitaki Kazi", halafu Juni 2021 Rais Samia akamteua kuwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe. Mtaani kwetu, Kwa Mrombo, kuna mama aliyekuwa akigombana na mwanawe kila siku kuhusu daftari lililojaa mistari badala ya hesabu. Uteuzi ulipotangazwa alitoka nje na mwiko mkononi, akamwita: "Wewe! Huyu si yule wa nyimbo zenu?" Kijana akaitika kwa tahadhari kwamba ndiye. Mama akasimama kidogo, akarudi jikoni bila kusema kitu. Daftari lile halijaguswa tena mpaka leo. Kwa kipimo changu cha mji kubadilika, hilo ni jambo, na linahesabika upande wa Weusi.

Lakini kama swali ni mji huu unatoa sauti gani, basi mtu wake ni G Nako. Panda kifodi cha Kwa Mrombo kutoka mjini saa kumi na mbili jioni. Msikilize kondakta. Haiti vituo kama kondakta wa Dar anavyoita, kwa kuimba-imba na matani. Huyu anakwaruza. Sauti inatoka chini ya koo, neno linakatwa kabla halijaisha, halafu mwishoni kuna mlio usio na maana yoyote ambao unakuambia tu kwamba mtu huyu yupo na anajiamini. Ni G Nako mtupu, Warawara mwenyewe. Wa toyo, yaani bodaboda, wanafanya hivyo, machinga wa soko la Kilombero wanafanya hivyo, na nimemsikia mhubiri mmoja kijana, sitasema wa kanisa gani, akipanda jukwaani na sauti hiyohiyo kumkemea shetani. Kama mtu angeniambia nichague mdomo wa Arusha, ningemchagua yeye na nisingehitaji kahawa ya pili.

Ila mtu haanzi kwa mdomo.

Ili nieleze kwa nini Nelly, lazima kwanza nieleze mji aliouchania. Watu wa pwani hushangaa kwa nini rap ya huku ni nzito, ya kukunja ndita. Wengine wanasema ni kuiga Wamarekani. Mimi nasema anza na baridi. Mwezi wa saba hapa huwezi kuvaa kibwaya ukajifanya msanii. Unavaa jaketi, unavaa kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, unavaa buti, na vyote unavipata kwenye mitumba kwa bei ya kuelewana, kwa sababu nguo nzito zinazoshushwa bandarini hazina wateja wengi kule kwenye joto na zinapandishwa huku. Kwa hiyo chalii wa mtaa wa Unga Limited alikuwa amevaa kama rapa wa New York kabla hajaandika mstari hata mmoja. Halafu ongeza Nairobi, ambayo iko karibu nasi kuliko Dar kwa zaidi ya nusu. Kalamashaka, kundi la rap la Nairobi, walipotoa "Tafsiri Hii" mwishoni mwa miaka ya 1990, kanda zilifika hapa na mabasi ya Namanga. Ongeza pesa za tanzanite, ongeza wageni wa mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya Rwanda iliyokaa hapa mpaka 2015, na mishahara yao, na kumbi zilizofunguliwa ili mishahara hiyo isilale. Mji ulikuwa tayari. Ulikosa mtu wa kuuambia kwamba unaweza kujitegemea.

X Plastaz walianza mwaka 1996. Nelly, Ziggy na Gsann, kisha Steve na Dineh, na Mmasai mmoja, Yamat Ole Meipuko, aliyejulikana kama Merege. Miaka hiyo njia ya msanii wa mkoani ilikuwa moja tu. Unapanda basi, unashuka Dar, unatafuta binamu wa kukulaza sebuleni, unaanza kupiga hodi studio na redio. Baada ya mwaka unaongea kama mtu wa Dar, na ukirudi nyumbani Krismasi unalalamika baridi. Redio kubwa ziko kule, magazeti yako kule, wasambazaji wa kanda wako kule. Usipohamia, haupo.

Hawa hawakuhamia. Walimpata Mholanzi Thomas Gesthuizen, aliyekuwa na tovuti ya Rumba-Kali, ambayo baadaye iliitwa Africanhiphop.com, na kupitia yeye wakatoka Arusha wakaenda Ulaya bila kumwomba mtu wa Dar ruhusa. Mwaka 2004 albamu yao "Maasai Hip Hop" ilitolewa na lebo ya Outhere ya Ujerumani. Fikiria hilo kwa akili ya miaka ile: msanii wa Bongo anahangaika wimbo wake upigwe mara mbili kwa wiki, na watu wa hapa wana albamu madukani Ulaya, na wakimaliza ziara wanarudi kulala Arusha. Mpaka 2009 Gsann alisimama kwenye saifa, yaani duara la rapa wanaochana kwa zamu, ya tuzo za hip hop za BET, Marekani, akachana Kiswahili mbele ya watu ambao hawakuwa wanajua hata Arusha iko nchi gani.

Fundi wa gereji alinikatiza hapo. Akasema hayo yote ni ya wazungu. Shuka jekundu, rungu, Mmasai anaunguruma, mzungu anapiga makofi. Mtaani nyimbo hazikupigwa kama za Nako. Ni hoja nzito kuliko zote nilizopewa, na nimeisikia pia kwa watu wanaoujua muziki kuliko fundi.

Nimjibu kwa kisa cha darasani. Nilisoma na kijana Mwarusha wa Ilboru. Nyumbani kwao waliongea Kimaa, lugha ya Wamasai, kuanzia asubuhi mpaka taa zinazimwa, lakini shuleni hukuweza kumtoa neno moja. Bibi yake akija kumletea kitu getini, anamjibu kwa Kiswahili, na bibi hakijui vizuri, basi wanabaki wanatazamana. Tulimcheka, na tulikuwa wakatili kama watoto wa mjini wanavyokuwa. Halafu kanda ya X Plastaz ikafika shuleni. Merege akaanza kuimba kwa ile sauti ya ndani kabisa, ya kwenye ngoma za wamorani, na juu yake Nelly akaingia akichana haraka kama mtu anayefukuzwa. Darasa zima likawa linataka kujua yule Mmasai anasema nini. Ni nani pekee aliyejua? Kuanzia wiki ile yule kijana wa Ilboru alikuwa na watu wamemzunguka kila mapumziko, anatafsiri, mengine nadhani anatunga. Bibi alipokuja tena getini alijibiwa kwa lugha yake, kwa sauti ya juu, ili tusikie.

Sasa mzungu wa kwenye kisa hicho yuko wapi? Miaka mingi baadaye G Nako alipotoa "Mama Yeyoo" hakuna aliyeshtuka kusikia Kimaa kwenye wimbo wa kisasa. Kilikuwa kimeshakuwa cha kawaida, na kitu kikishakuwa cha kawaida watu hawaulizi nani alikianzisha. Ndiyo bahati mbaya ya Nelly.

Na asifikiriwe kuwa alikuwa mtu wa mapambo. Sikiliza "Nini Dhambi kwa Mwenye Dhiki". Jina la wimbo peke yake lingetosha kwa hotuba ya Jumapili, na ukitaka kujua Unga Limited ya miaka ile ilikuwa inafikiri nini usiku, anzia hapo. Aliuawa mwaka 2006, hapa hapa Arusha. Hakuzeeka akatuaibisha, hakupata nafasi ya kutoa wimbo mbaya wa kampeni. Shemeji alisema hiyo nayo ni upendeleo, kwamba marehemu hashindwi ubishi. Nikamwambia Mbaraka Mwinshehe naye alifariki 1979 na Morogoro hawajabadilisha jibu.

Kwa hiyo hoja yangu ni fupi kuliko maelezo yake. Kabla ya Nelly na wenzake, mwanamuziki wa Arusha alikuwa mtu wa kupita: akina Kinyonga walipita, na wengine wengi ambao majina yao anayo mzee wetu walipita. Baada yao, kubaki Arusha likawa jambo linalowezekana. Watengwa wakakaa Kijenge na kutokea Kijenge. JCB, mmoja wa Watengwa, alipotoa "Ukisikia Paah", waliokuja kumchangia sauti zao walikuwa Fid Q, Jay Moe na Chid Benz, vigogo wa kwingine, kwenye wimbo wa mtu wa huku. Studio ya Noizmekah ikawa na foleni. Hata Weusi walipoenda Dar hawakwenda kulala sebuleni kwa binamu, walienda kama kampuni, na jina la mji mbele.

Mama yangu mdogo wa Moshi, ambaye nilimsomea makala hii kwa simu, ananiona bado mtoto. Anasema mkoa wake ulishamaliza ubishi huo miaka ya 1950, walipokuwa na Frank Humplick akiimba na dada zake Thecla na Regina, na mpaka wakoloni wakaupiga marufuku wimbo wake mmoja kwa sababu ulikuwa na siasa. "Hao wenu serikali imewahi kuwaogopa?" aliniuliza. Nikamtajia Nandy, kwamba na huyo ni wa kwao Moshi. Akasema Nandy ni mtoto mzuri lakini nisimbadilishie mada.

Linalonisumbua kwa kweli ni jingine, na fundi hajaligundua, kwa hiyo namsaidia. Ni Dogo Janja. Huyu alitoka Ngarenaro akiwa mdogo kabisa, akaenda Dar chini ya rapa Madee na kundi lake la Tip Top, yaani alipita njia ileile ya zamani ninayoilaumu. Halafu akarudi akatoa wimbo akauita "Ngarenaro". Sio Arusha, sio A-Town. Ngarenaro, kata, na vumbi lake. Watoto wa shule ya msingi walioko pale leo hawamjui Nelly, na Joh kwao ni mzee, lakini wanajua kwamba mtaa wao una wimbo. Mtu akiniuliza ni nani atakayetajwa Kaloleni miaka ishirini ijayo, wakati mimi nitakuwa ndiye mzee wa kuamkiwa mara mbili, sina uhakika kabisa kwamba nitaweza kumtetea Nelly mbele ya watoto hao. Nitajaribu. Kanda ninayo, kinachokosekana ni redio ya kuichezea.